KITENZI NA MWENZIWE
Historia ya jozi za maneno katika Kiingereza, na funzo lake kwa mwalimu wa Kiswahili

Mwalimu ye yote aliyepata kusahihisha insha za Kiingereza katika shule zetu anazijua sentensi za namna hii. Mwanafunzi mmoja ameandika "I did a mistake". Mwingine ameandika kwamba rais mpya "ate an oath". Wa tatu amesema kwamba mjomba wake "pulls cigarettes", na wa nne, aliyelelewa katika nyumba ya Waganda, amesema kwamba wa kwake "drinks" hizo sigara. Sarufi ya sentensi hizo haina dosari: mtenda yupo mahali pake, kitenzi kiko katika wakati unaofaa, na yambwa imefuata. Kila neno, likitazamwa peke yake, lina maana halali katika kamusi. Hata hivyo Mwingereza akizisoma huguna, na mwalimu naye huinua kalamu nyekundu.

Ugumu huanza pale mwanafunzi anapouliza sababu. Kwa nini kosa hudai kitenzi "make", ilhali kazi ya nyumbani hudai "do"? Kwa nini kisasi, ambacho Mswahili hukilipa, Mwingereza hukichukua? Mwalimu aliyezoea kujibu kwa kanuni hupekua vitabu vya sarufi, asipate kanuni. Mwisho hujibu kwamba ndivyo Waingereza wasemavyo. Jibu hilo ni la kweli, walakini halimtoshi mtoto mwenye akili.

Makala haya yanakusudia kueleza jozi hizi za kitenzi na nomino zilitoka wapi, ni akina nani waliozitambua kwanza kuwa jambo la kufundishwa, na kwa nini wakawa hao wala si wengine. Tutaona kwamba katika historia hiyo mgeni anashika nafasi kubwa kuliko mwenyeji, na kwamba jambo hilo latuhusu sana sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na mwambao.

Asili ya jozi

Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka 1066, kilikuwa karibu sana na Kijerumani. Kitenzi chake cha kuchukua kilikuwa "niman", ndugu wa "nehmen" ambalo Wajerumani wanalitumia hata leo. Kisha wakaja watu wa Skandinavia, ambao kwanza walivamia pwani za Uingereza na baadaye wakafanya makazi mashariki na kaskazini ya nchi. Watu hao walileta kitenzi chao "taka". Pole pole "niman" likafifia na "taka" likashika mahali pake, nalo ndilo "take" la leo. Hivyo neno hilo ambalo kila Mwingereza hulitumia mara nyingi kwa siku, ambalo huonekana kuwa kitovu cha lugha yake, asili yake ni mgeni aliyeingia kwa jahazi.

Mwaka 1066 Wanormani kutoka kaskazini ya Ufaransa waliishinda Uingereza. Kwa muda wa zaidi ya karne mbili Kifaransa kilikuwa lugha ya wakubwa, ya mahakama na ya jumba la mfalme, na maelfu ya nomino yakaingia katika Kiingereza: "justice", "peace", "vengeance", "counsel", "advice", "damage" na mengine mengi. Sasa nomino ngeni ikiingia katika lugha huwa kama mtu aliyehamia mjini bila jamaa. Hutafuta kitenzi cha kufuatana nacho. Waingereza waliziunganisha nomino hizo na vitenzi vyao vidogo vya kila siku: "take", "make", "have", "give", "do". Pengine walifasiri kitenzi cha Kifaransa pia. Mfaransa husema "prendre congé", yaani kuchukua ruhusa ya kuondoka, naye Mwingereza akasema "take leave". Mwanazuoni A. A. Prins alitoa kitabu kizima juu ya jambo hilo huko Leiden, Uholanzi, mwaka 1952, kwa jina la French Influence in English Phrasing.

Kwa kutumika sana, vitenzi hivyo vidogo vilipungukiwa na maana yake ya asili. Mtu aliye "take a walk" hakuchukua kitu, na aliye "have a look" hamiliki kitu. Maana yote imo ndani ya nomino. Kitenzi kimebaki kuchukua nafsi na wakati tu, mfano wa punda achukuaye mzigo usio wake. Msomaji wa Kiswahili hawezi kushangaa, madhali anajua kwamba aliyepiga simu hakuigusa kwa fimbo.

Basi hapa tumekwisha pata sehemu ya jibu la yule mwanafunzi. Jozi hizi zimetokana na historia, wala si na mantiki. Nomino iliyoingia karne moja ilikuta kitenzi fulani kinavuma, na iliyoingia karne nyingine ikakuta kingine. Mazoea yakaganda. Anayetafuta kanuni moja itakayoeleza kwa nini ni "make a mistake" na "do homework" ni sawa na mtu atafutaye kanuni ya kwa nini mtaa huu umeitwa jina hili na ule jina lile.

Wenyeji na lugha yao

Waingereza wenyewe walichelewa sana kuliona jambo hili. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake kubwa mjini London mwaka 1755, alikuwa karibu kuliona. Katika dibaji yake alilalamika kwamba kazi yake ilizidishwa na vitenzi ambavyo maana yake ni legevu mno na hutumika kila mahali, akavitaja kwa majina: "come", "get", "give", "do", "put", "set", "go", "make", "take" na vinginevyo. Katika dibaji hiyo hiyo alikiri kwamba vitenzi vya Kiingereza vikifuatwa na vijineno kama "off" na "out" huwatia wageni taabu kubwa kuliko yote. Tazama basi: alipofikiri juu ya wageni, ndipo alipouona ugumu.

Lakini vitabu vya sarufi vilivyofuata havikuishika njia hiyo. Sarufi ya Robert Lowth ya mwaka 1762, na ile ya Lindley Murray ya mwaka 1795 ambayo ilienea mno mashuleni, zilikuwa zimefuata kielelezo cha Kilatini. Mwanafunzi alifundishwa kulichambua kila neno peke yake: hili ni nomino, hiki ni kitenzi, hiki kimekubaliana na mtenda wake. Kwa uchambuzi wa namna hiyo "I did a mistake" ni sentensi safi. Wala mtoto wa Kiingereza hakuhitaji zaidi, kwa kuwa jozi zenyewe alikwisha zinyonya pamoja na maziwa ya mama yake. Samaki hana haja ya kufundishwa habari za maji.

Katika karne ya 20 walitokea wenyeji walioshughulikia kitenzi na nomino kwa ukali. Ndugu wawili, Henry na Francis Fowler, walitoa The King's English mwaka 1906, na Henry peke yake akatoa kamusi yake ya matumizi mwaka 1926. George Orwell aliandika insha yake maarufu juu ya siasa na lugha ya Kiingereza mwaka 1946. Mwaka 1948 Ernest Gowers, mtumishi wa serikali wa miaka mingi, alitoa Plain Words, kitabu alichoombwa na Hazina ya Uingereza ili kuwafunza makarani na maofisa kuandika kwa lugha nyepesi. Mwaka 1954 kikatoka kikiwa kimepanuliwa kwa jina la The Complete Plain Words.

Yafaa tuwe waangalifu hapa, maana ugonjwa waliokuwa wakiutibu mabwana hao ni mwingine. Wao walichukizwa na karani aandikaye "give consideration to" wakati "consider" latosha, au "make an examination of" badala ya "examine". Jozi hizo zimepatana vema. Kosa lake ni kwamba hazikuhitajiwa. Kitenzi kimoja chenye nguvu kimevunjwa vipande viwili ili barua ionekane nzito. Ama mwanafunzi wetu aandikaye "did a mistake" yeye amehitaji jozi, naye amekosa mwenza. La kwanza ni kosa la mwenyeji aliyevimba kichwa. La pili ni la mgeni asiyejua desturi. Mwalimu asizichanganye dawa zake.

Walimu wa Tokyo

Aliyeutambua ugonjwa wa pili na kuupa jina hakuwa London. Alikuwa Tokyo.

Harold Palmer alizaliwa London mwaka 1877. Tangu mwaka 1902 alifundisha lugha katika mji wa Verviers huko Ubelgiji, mpaka majeshi ya Ujerumani yalipoingia mwaka 1914, akarudi kwao. Baada ya kufundisha katika chuo cha University College mjini London, alikwenda Japani mwaka 1922 kuwa mshauri wa Wizara ya Elimu katika mafundisho ya Kiingereza. Mwaka uliofuata ilianzishwa huko Taasisi ya Utafiti wa Mafundisho ya Kiingereza, naye akaiongoza hadi alipoondoka mwaka 1936.

Wajapani walikuwa wamesoma Kiingereza kwa bidii kubwa. Walijua sarufi, na msamiati wao ulikuwa mpana. Walakini walipoandika, maneno yao hayakupatana. Palmer na wenzake wakatambua kwamba kuna vifungu vya maneno mawili, matatu au zaidi ambavyo mwanafunzi hawezi kuviunga mwenyewe kwa kujua maana ya kila kipande; ni lazima avipokee vizima vizima, kama mtu apokeavyo neno moja. Mwaka 1933 taasisi hiyo ikatoa ripoti yake ya pili juu ya vifungu hivyo, ikiwa imekusanya maelfu yake na kuvipanga kwa mafungu: kitenzi na nomino, kitenzi na kihusishi, kivumishi na nomino, na kuendelea. Haikuwa kazi ya kuvutia macho. Ilikuwa orodha. Lakini kwa mara ya kwanza mwalimu aliweza kumwonyesha mwanafunzi kwamba "make a mistake" si maneno matatu, bali ni kitu kimoja.

Katika kazi hiyo Palmer alisaidiwa sana na kijana aitwaye A. S. Hornby, aliyefika Japani mwaka 1924 kufundisha fasihi ya Kiingereza. Hornby aligundua kwamba wanafunzi wake walihitaji lugha yenyewe kabla ya fasihi yake. Palmer alipoondoka, Hornby akashika usukani, naye pamoja na E. V. Gatenby na H. Wakefield wakaanza kutunga kamusi ya namna mpya: kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, iliyokusudiwa mgeni. Kamusi za wenyeji zilimweleza msomaji neno gumu asilolijua. Hii ilimweleza pia neno jepesi analolijua, lakini asilojua jinsi ya kulitumia: kitenzi hiki hufuatwa na nini, nomino hii huhesabika au haihesabiki.

Desemba 1941 Japani na Uingereza ziliingia vitani, na Hornby akawekwa kizuizini. Juu ya hayo, kamusi ilitoka Tokyo mwaka 1942, katikati ya vita, kwa jina la Idiomatic and Syntactic English Dictionary. Mwandishi wake alikuwa raia wa nchi adui, na wasomaji wake wa kwanza walikuwa watu ambao serikali yao ilikuwa ikipigana na Waingereza. Mwaka huo Hornby aliachiliwa akarudi kwao, na mwaka 1948 Oxford University Press wakaichapa upya. Baadaye ikajulikana kwa jina la Advanced Learner's Dictionary, ambalo walimu wengi wa Afrika ya Mashariki wanalifahamu vizuri. Hornby alifariki mwaka 1978.

Tuseme wazi funzo la sura hii. Kitabu kilichowasaidia mamilioni ya watu kuandika Kiingereza hakikutokana na fahari ya wenyeji. Kilitokana na maswali ya walimu wa Kijapani. Wao ndio waliouliza, mwaka baada ya mwaka, "Kwa nini tusiseme hivi?" Na maswali yao yaliwalazimisha Waingereza waliokuwa pamoja nao kuona katika lugha yao wenyewe jambo ambalo hawakuwahi kuliona.

Kutoka karatasi hadi mashine

Wanazuoni walifuata nyuma ya walimu. J. R. Firth alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Punjab mjini Lahore tangu 1919 hadi 1928, naye pia hivyo aliiona lugha yake kwa macho ya wageni. Mwaka 1944 akawa profesa wa isimu katika Chuo Kikuu cha London, katika kile chuo cha lugha za Asia na Afrika ambako Kiswahili nacho kimesomeshwa kwa miaka mingi. Firth alifundisha, hasa katika makala yake ya mwaka 1951, kwamba sehemu moja ya maana ya neno hupatikana kwa kutazama maneno linayozoea kuandamana nayo. Wahenga wetu hawangeshangaa kusikia hivyo.

Mfuasi wake John Sinclair, wa Chuo Kikuu cha Birmingham, aliichukua kazi hiyo akaitia katika kompyuta. Kwa kushirikiana na kampuni ya Collins tangu mwaka 1980, kundi lake lilikusanya maandishi na mazungumzo ya Kiingereza yapatayo maneno milioni 20, likaamuru mashine ionyeshe kila neno pamoja na jirani zake. Kamusi iliyotokana na kazi hiyo, Cobuild, ilitoka mwaka 1987. Mwaka mmoja kabla yake Morton Benson, Evelyn Benson na Robert Ilson walikuwa wametoa kamusi yao ya maneno yanayoandamana, na mwaka 2002 Oxford nao wakatoa ya kwao.

Mashine zimethibitisha mambo mawili. Kwanza, jozi hizi si pambo la pembeni. Zimejaa katika lugha yote, kila ukurasa. Pili, mipaka yake si chuma. Mwingereza aweza kusema "take a decision" ambapo Mwamerika karibu kila mara husema "make a decision". Mwingereza huelekea "have a bath", Mwamerika "take a bath". Mwalimu asiyejua hayo anaweza kumpiga mkasi mwanafunzi asiye na hatia. Yatupasa tutofautishe jozi isiyosemwa na ye yote na jozi inayosemwa kwa jirani.

Upande wa Kiswahili

Sasa na tuugeuze uso kwa lugha tunayoifundisha. Kiswahili kina jozi zake, nazo hazifuati mantiki zaidi ya zile za Kiingereza. Mswahili hupiga pasi, hupiga picha, hupiga kura, hupiga magoti, hupiga mbizi, hupiga chafya na hupiga hodi. Hukata shauri, hukata rufaa, hukata tikiti, na akishindwa hukata tamaa. Hufunga ndoa na hufunga safari. Hula kiapo, na akiwa mbaya hula njama. Huvuta sigara, hufungua redio, hutia chumvi hata mahali pasipo na chakula. Ukizilinganisha na za Kiingereza utaona kwamba karibu hazikutani po pote: Mwingereza hupoteza tumaini ambalo Mswahili hulikata; huchukua kiapo ambacho Mswahili hukila.

Nani walioziandika jozi hizi kwanza katika vitabu vya kujifunzia kwa herufi za Kirumi? Hapa pia tunakutana na mgeni. Askofu Edward Steere alitoa kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. A. C. Madan alitoa kamusi yake ya Kiswahili kwa Kiingereza mwaka 1903, na juu ya msingi huo Frederick Johnson akaijenga ile kamusi sanifu ya mwaka 1939. Afunguaye kamusi hiyo ya Johnson penye neno "piga" atakuta msururu mrefu wa jozi. Mswahili wa Unguja hakuhitaji kuambiwa kwamba pasi hupigwa. Wageni waliokuwa wakijifunza ndio waliohitaji, wakaandika. Ujuzi wenyewe ulitoka vinywani mwa Waswahili, na maswali yakatoka kwa wageni. Pande zote mbili zilihitajiana.

Sisi wa Uganda tunayo sababu ya pekee ya kukumbuka historia hiyo. Ile Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 kwa ajili ya kusanifisha Kiswahili ilihamia Makerere mwaka 1952 na kukaa hapo kwa miaka kumi, kabla ya kwenda Mombasa, na hatimaye Dar es Salaam mwaka 1964, ambako ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili iliyotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Hivyo kazi ya kukisanifisha Kiswahili ilipata kufanyika juu ya kilima kimoja cha Kampala.

Tena kuna jambo ambalo mwanafunzi wetu analijua pasipo kufundishwa. Mganda husema "okukuba essimu", yaani kupiga simu. Husema "okukuba ekifaananyi", kupiga picha, na "okukuba akalulu", kupiga kura. Munyankole naye hutumia kitenzi chake cha kupiga, "okuteera esimu". Simu ilipoingia katika nchi hizi haikuja na kitenzi chake cha Kiingereza. Lugha zetu zilimpa mgeni huyo mwenza kutoka nyumbani. Mwalimu wa Kiswahili akianzia hapo, atakuta nusu ya kazi imekwisha fanywa na mama wa mtoto. Ajabu ni kwamba wengi wetu hatuanzii hapo. Tunampitisha mwanafunzi katika Kiingereza kwanza, tukimwuliza, "Make a call kwa Kiswahili ni nini?" Naye hujibu kwa kufuata "make".

Hatari iliyopo

Kwa njia hiyo ugonjwa tulioanza nao unarudi, lakini safari hii umehama upande. Zamani mtoto alitia Kiswahili ndani ya Kiingereza, akaandika "ate an oath". Siku hizi anatia Kiingereza ndani ya Kiswahili, wala hakuna anayeguna. Tunasoma katika insha, katika matangazo na hata katika magazeti kwamba mtu "alichukua picha", kwamba mgonjwa "achukue dawa mara tatu", kwamba wageni "wachukue viti", kwamba mkutano "ulichukua nafasi Jumatatu", kwamba wazazi "wanacheza jukumu kubwa". Nyuma ya kila moja amesimama "take" au "play". Picha hupigwa; dawa hunywewa au humezwa; wageni huketi; mkutano hufanyika; na jukumu ni mzigo, hubebwa au hutekelezwa, halichezewi.

Pamoja na hayo ule ugonjwa wa Gowers nao umevuka bahari. Barua zetu za ofisi "hufanya uchunguzi" badala ya kuchunguza, "hufanya uchaguzi" wa rangi ya mlango badala ya kuichagua, na "hufanya mazungumzo" ambapo watu wawili wamezungumza tu. Kitenzi cha Kiswahili, chenye mnyambuliko ambao Kiingereza hakina, chenye kutendea, kutendwa, kutendana na kutendesha, kinawekwa kando, na "fanya" linabebeshwa kazi yote.

Hatusemi kwamba kila jozi iliyotoka nje ni haramu. Historia ya Kiingereza tuliyoieleza ingetucheka tukisema hivyo, maana lugha hiyo ilineemeka kwa kufasiri jozi za Wafaransa. "Kuchukua hatua" na "kuchukua muda" zimekwisha kubalika, nazo hazimkwazi msomaji. Lakini tunapendekeza mizani miwili. Kwanza, je, Kiswahili kilikwisha kuwa na jozi yake au kitenzi chake kwa maana hiyo? Ikiwa ndiyo, ile mpya inaleta faida gani? Pili, je, jozi mpya inaharibu maana ya ile ya zamani? "Kuchukua nafasi" katika Kiswahili ni kushika mahali pa mwingine. Mtu akisema mkutano "ulichukua nafasi", msomaji anayo haki ya kuuliza, nafasi ya nani?

Kazi iliyo mbele yetu

Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa, Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi wa Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Katika utekelezaji wa azimio hilo, wengi wa watakaokaa madarasani mwetu watakuwa watoto ambao hawakunyonya Kiswahili, nao watafundishwa na walimu ambao wengi wao hawakukinyonya pia.

Wapo wanaolitaja jambo hilo kwa dharau, wakidhani kwamba mwalimu asiyezaliwa mwambao ni mwalimu nusu. Historia tuliyoieleza inawajibu. Mwenyeji anazo jozi zote, lakini kwa kuwa hazimpi taabu hazioni. Sisi zinatupa taabu, na kwa hiyo tunaziona. Tukikaa kimya kwa haya, tutafundisha makosa. Tukiuliza, tukaandika, kisha tukapeleka maandishi yetu kwa wenye lugha wayapime, tutakuwa tumefanya kwa Kiswahili kile ambacho walimu wa Japani walikifanya kwa Kiingereza.

Mwanzo wake si mgumu. Mwalimu anapofundisha nomino mpya asiitaje peke yake. Aitaje pamoja na kitenzi chake, na mwanafunzi aiandike hivyo daftarini: si "rufaa", bali "kukata rufaa". Si "ndoa", bali "kufunga ndoa". Anaposahihisha, asikate tu kwa wino mwekundu. Aandike jozi iliyo sahihi pembeni, na kosa lenyewe alihifadhi katika daftari lake mwenyewe. Na mwisho wa kila muhula walimu wa shule jirani wakutane, wayalinganishe madaftari yao. Orodha ya Tokyo ilianza kwa vipande vya karatasi.

Na yule mwanafunzi aliyeuliza kwa nini kosa halifanywi kwa "do", tusimfukuze kwa jibu fupi. Tumweleze habari za Waskandinavia na za Wanormani. Kisha tumwulize yeye, kwa nini sisi hukata shauri? Huenda akaliandika swali hilo, na baada ya miaka akatuletea jibu.